Fatwa ya Chemchemi ya Gesocho

Gesocho, Nyanungu,
Tarime.
20 Machi 1994

Kaka Muzamil,

Shikamoo. Assalaam alaykum, wewe na wifi Mwajuma na wote wa hapo Morotonga. Sisi tuko, tunalala na kuamka. Idi imetupita kimyakimya. Nilipika wali, nikapeleka sahani kwa jirani yangu Wegesa, naye akairudisha na maziwa mgando, Idi ikaishia hapo. Mama nilimwona Tarime mwezi wa pili. Mguu bado unamsumbua ila ulimi ni mzima. Aliniuliza kama huku machimboni kuna mwanamke mwenye haya. Nikamwambia nipo mimi. Akacheka mpaka akakohoa. Dullah ametoa meno mawili na ananing'ata akinyonya. Shamimu ametimiza miaka minne, anasoma Fatiha mpaka katikati, halafu anaanza upya.

Kaka, nina jambo. Unajua Lukmani alifunga cherehani yake akatuhamishia huku watu walipoanza kupata dhahabu. Mwanzoni alikuwa anawashonea wachimbaji maturubai. Sasa ana mwalo wake, yaani mahali pa kuoshea mawe yaliyosagwa. Wanamwaga zebaki kwenye yale matope, inakamata dhahabu, halafu maji machafu wanayaachia yaende. Yaende wapi? Mwalo uko juu, chemchemi iko chini, hatua kama mia mbili. Hapo ndipo tunapochota wote, sisi wageni na Wakurya wenyeji na ng'ombe wao. Bwana afya alikuja mara moja na pikipiki, akasema zebaki ni sumu, ikiingia kwenye maji huioni wala huinusi, inakaa mwilini. Wanaume wakamuuliza, "Kwani wewe unauza maji?" Wakacheka, akawasha pikipiki yake.

Katekista wa akina Wegesa, anaitwa Simioni, alihubiri Jumapili moja kwamba anayechafua maji amemchafua jirani. Wakristo wawili wakahamisha mialo yao. Ndipo nikawaza, hata hawa wa kwetu wana wa kumsikiliza. Mimi Lukmani hanisikii. Nikisema ananijibu, "Mama Shamimu, wewe chemsha." Nachemsha, kaka. Kuni natafuta nusu siku, nachemsha. Bwana afya alisema kuchemsha hakuondoi kitu.

Wewe anakusikia. Jina lako halimtoki mdomoni, shemeji yangu sheikh, shemeji yangu sheikh. Sasa naomba uniandikie habari za udhu. Msikitini kwetu, kile kibanda cha mabati, wanatawadhia maji hayohayo. Ukisema hayafai kwa udhu, Lukmani hatakubali kuwaharibia watu swala. Atahama siku hiyohiyo. Mimi namjua. Niandikie mimi, usimwandikie yeye, nitajua saa ya kumwonyesha.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la mahindi. Majibu mpe huyohuyo.

Mdogo wako,
Kudra


Morotonga,
Mugumu.
9 Aprili 1994

Kwa shemeji Lukmani na mdogo wangu Kudra,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Tunamshukuru Mola kwa kila hali. Mwajuma ana ujauzito wa miezi saba na miguu imemvimba. Madrasa ina watoto arobaini na mikeka sita, kwa hiyo wengine wanasoma wamesimama, na hao ndio wanaohifadhi upesi.

Kudra ameniuliza swali la dini. Kwa kuwa swali la dini si la mtu mmoja, nimeona nijibu kwenu wote, na shemeji anaweza kuwasomea ndugu zetu siku ya Ijumaa.

Maji mengi, yaliyofika kulateni, yaani kiasi kisichomalizwa na ndoo chache, hayatoki katika twahara yake mpaka yabadilike moja kati ya sifa tatu: rangi, harufu au ladha. Nimemuuliza dereva aliyeleta barua, ambaye amekunywa hapo mara nyingi. Amesema hayana rangi, hayanuki, na ni matamu kuliko ya bomba la Mugumu. Basi maji ya chemchemi ya Gesocho ni twahara na udhu wake ni sahihi. Msitiane wasiwasi. Wasiwasi ni mlango wa shetani.

Nibusieni watoto.

Ndugu yenu,
Muzamil


Gesocho,
1 Mei 1994

Kaka Muzamil,

Shikamoo. Mpe wifi pole ya miguu, mwambie ailaze juu ya mto akilala. Sisi hatujambo. Dullah sasa anakaa mwenyewe. Lukmani yupo, anasalimu, maneno ya kuandika hana.

Barua yako niliipata ikiwa imefunguliwa. Lukmani aliisoma msikitini Ijumaa ya tarehe 15. Jumatatu mtu mwenye mwandiko mzuri akainakili, wakaiweka kwenye mfuko wa nailoni, wakaitundika juu ya mwalo. Kabla ya wiki mbili mialo mingine mitatu imeshuka hapo, maana zamani waliogopa maneno ya watu, sasa wana fatwa. Nikienda kuchota ananiita mmoja, "Mama Shamimu, jaza ndoo bila hofu, kaka yako ameyabariki!"

Wegesa aliniuliza, "Huyo ni kaka yako wa kweli?" Nikasema ndiye. Tulizoea kwenda pamoja chemchemini, yeye akinitwika, mimi nikimtwika. Siku hizi anapitia nyuma ya maboma, anakwenda mtoni peke yake. Nami naomba mtoto yeyote anitwike.

Nakuuliza jambo moja, usikasirike. Kwa nini ulimuuliza dereva, hukuniuliza mimi? Ningekwambia hapo zamani palikuwa na vyura. Ningekwambia mengi. Nilipokuuliza udhu nilikuwa nakupa jiwe la kumpiga nyoka, kaka, wewe ukalitumia kujengea nyumba yake.

Rudisha neno lako. Mwandikie Lukmani.

Kudra


Morotonga,
11 Juni 1994

Mdogo wangu Kudra,

Wa alaykum salaam. Kuchelewa kwangu kuna sababu. Wifi yako amejifungua mtoto wa kike tarehe 3, salama, ila alipoteza damu nyingi na nilikuwa mama na baba hapa ndani. Halafu nikasafiri.

Barua yako imeniuma. Uliniuliza udhu, nikakujibu udhu. Anayeuliza njia ya Musoma haelekezwi Mwanza. Ungesema, kaka, tunakunywa sumu, ningekufungulia kitabu kingine.

Hata hivyo nilikwenda Musoma kwa mwalimu wangu. Nikamweleza. Akasema, "Zebaki si najisi, Muzamil. Ni sumu. Najisi ina mlango wake na sumu ina mlango wake, wewe umempeleka mgonjwa mlango wa jirani." Akanikumbusha neno la Mtume, hakuna kudhuru wala kudhuriana, na makatazo ya kujisaidia penye maji ya watu. Nikamwambia nayajua, tangu udogo nayajua. Akasema, "Ndiyo, unayajua."

Nimeandika ufafanuzi, uko ndani ya bahasha hii. Unasema kwamba maji yale ni twahara lakini kumwaga zebaki juu yake ni haramu, kwa sababu ya madhara. Mpe shemeji. Nadhani sasa jambo limekwisha.

Muzamil


Gesocho,
26 Juni 1994

Kaka Muzamil,

Shikamoo. Mtoto wa kike ni baraka, amepewa jina gani? Hukuandika. Mama anataka kuja Morotonga kumwona lakini mguu haujamruhusu.

Ufafanuzi nimempa Lukmani. Aliusoma, akaukunja, akauweka chini ya godoro. Akasema, "Sheikh ana karatasi mbili. Mimi nashika ya kwanza, ndiyo iliyosomwa mbele ya watu." Nikauchukua chini ya godoro alipotoka.

Sasa mambo yamekuwa makubwa. Ndama wa wenyeji wamekufa wanne. Vijana walitaka kuja kuchoma mialo. Wazee wakawazuia, wakaita iritongo, ule mkutano wao wa kuamua mambo ya nchi. Aliyeongoza ni Mzee Nyangwine. Ukoo wake ndio uliotunza chemchemi tangu zamani. Alisema babu zake hawakuruhusu mtu kukata hata fito hapo, na mwenye kufua nguo alitozwa mbuzi. Lukmani akanyanyua ile karatasi ya nailoni, akasema mtu wa Mungu wa Mugumu ameyapima maji akayaona safi.

Wazee walinong'onezana sana. Hawataki ugomvi na dini ya mtu. Mwisho Mzee Nyangwine akasema neno lililotoka linarudishwa na mdomo uliolitoa. Hapo nikampa Simioni ile karatasi yako ya pili aisome. Akaisoma vizuri. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Karatasi haina macho. Siwezi kuitazama nikajua kama ina haya. Aje mwenyewe, asimame mbele ya maji aseme."

Wameweka Jumamosi tarehe 16 Julai, saa nne. Usipokuja, mialo inabaki mpaka baada ya mavuno, na vijana sijui kama watasubiri.

Jambo lingine, nalisema kwa upendo. Uliandika ufafanuzi. Sikuona mahali ulipoandika umekosea. Kaka, wewe ulinifundisha kusoma kwenye mchanga kwa kijiti, ukawa unafuta kwa mguu nikikosea, unasema anza tena. Anza tena. Kutoka kwako mpaka hapa ni siku moja kwa lori. Nimekuwekea mkeka mpya.

Kudra


Gesocho,
18 Julai 1994

Kaka Muzamil,

Shikamoo. Wote mnaendeleaje? Wifi amepata nguvu? Huku ni baridi asubuhi, watoto wana mafua.

Jumamosi tulikusubiri. Shamimu nilimkalisha njiani, akawa anakuja mbio, "Mama, anakuja mtu!" Mara ya kwanza alikuwa mtu wa mbuzi, mara ya pili mwanamke na mzigo wake wa kuni. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Mzee Nyangwine akauliza, "Mwenye mdomo yuko wapi?" Watu wote wakanitazama mimi kama nimekuficha uvunguni.

Lukmani akasema, "Yeye hakuja lakini barua yake ipo." Akasimama aisome.

Sasa nikwambie nililokuficha tangu mwezi wa nne. Mikono ya Lukmani inatetemeka. Anachoma zebaki jikoni kwangu, kwenye kikaango, ili ibaki dhahabu tupu, na kuikamua anaikamua kwa vidole. Yule fundi aliyekuwa anatunga uzi kwenye sindano huku anabishana na wateja, leo kikombe cha chai namshikia mimi. Fizi zake zinatoka damu. Anakasirika ovyo, halafu analia. Alinikataza kuandika, nami nikaona aibu kumsema mume wangu kwa ndugu zangu. Ndiyo maana nilikuwa nakuandikia vyura.

Basi alisimama, na karatasi ikawa inapiga kelele mkononi mwake. Alijaribu kuishika kwa mikono miwili. Haikusomeka. Kaka, watu zaidi ya mia walikuwa pale na hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa Kikurya akamwambia kwa sauti ya chini, kama wanavyoitana wao, "Mura, kaa tu." Akakaa.

Wazee wakaanza kusema basi, tuahirishe mpaka mavuno. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, Dullah mgongoni. Sijui miguu ilinyanyuka vipi. Nikasikia mmoja wa watu wa mialo akisema, "Haya, sheikh mpya huyu, kilemba amekifunga mgongoni!" Hapo wakacheka. Mzee Nyangwine akauliza, "Mwanamke huyu anataka nini?"

Nikasema, "Aliyeandika ni kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja. Amenituma nirudishe neno lake. Anasema alikosea, hakuyaona maji."

"Amekutuma?"

"Amenituma."

Akaniuliza mara tatu, ndivyo wanavyofanya. Mara tatu nikasema amenituma. Akawatazama wenzake, akasema mdomo umetoka tumbo moja, unatosha. Wakaamua mialo yote ishuke chini kupita malishoni, kila mtu achimbe shimo la maji yake machafu, siku kumi na nne.

Hukunituma, kaka. Nimesema uongo mara tatu mbele ya watu wazima na sijui nifunge siku ngapi. Lukmani anajua hukunituma. Tangu juzi hajaniambia neno, anamtuma Shamimu kuniuliza chumvi iko wapi. Wake wa wachimbaji hawaitikii salamu yangu. Wegesa alikuja jana na maziwa, akakaa nami jikoni, ila Kikurya changu ni kidogo na Kiswahili chake ni kidogo, maneno yakatuishia mapema. Tukawa tunamtazama Dullah akicheza na mfuniko.

Niandikie. Sijui nataka uandike nini.

Kudra


Morotonga,
30 Julai 1994

Kudra mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Mtoto anaitwa Zuhura. Mama yake sasa anatembea mpaka uani.

Nilianza barua hii mara nne. Katika ya kwanza niliandika kwamba Mto Mara ulikuwa umejaa. Haukujaa. Ijumaa ya tarehe 15 nilipanda lori, nikashuka mtoni, maji yalikuwa chini ya magoti na watu wakivuka na kuku wao. Nilikaa pale kwenye mawe tangu adhuhuri. Nilikuwa nayapanga maneno ya kusema kesho yake mbele ya wazee, na kila nilipofika kwenye neno "nimekosea" nilianza kueleza. Kueleza najua sana. Alasiri lori likapita likirudi Mugumu, nikapanda. Wifi yako aliniuliza umefika, nikamwambia nimefika mtoni.

Kwamba nilikutuma, siwezi kuandika. Sikukutuma. Lakini dhambi ya kusema umetumwa inaanzia kwangu niliyetakiwa kusimama pale, na katika kila sijda naiomba iandikwe upande wangu.

Jana, Ijumaa, nilisimama hapa msikitini nikawaambia fatwa ya Gesocho ni yangu na kosa ni langu. Nikasema niliyapima maji kwa kitabu na kwa dereva, sikuyapima kwa dada yangu anayeyanywa. Wapo walioshukuru. Mmoja alisema tangu leo hatajua lini aniamini. Nimemwambia ana haki.

Kuhusu Lukmani, nimeuliza hospitalini hapa. Wanasema aache kabisa kuishika na kuichoma, haraka, na mtoto anayenyonya asikae kwenye moshi ule. Nilipaswa kuuliza hilo mwezi wa tatu. Wewe unanywa nini sasa, Kudra? Sikuwahi kukuuliza.

Muzamil


Gesocho,
21 Agosti 1994

Kaka Muzamil,

Shikamoo. Zuhura ni jina zuri, mbusu kwa ajili yangu. Mama amejua habari zote kwa watu wa soko la Tarime kabla sijamwandikia, na amesema nirudi nyumbani. Nimemwambia bado.

Mialo ilihama siku ya kumi na mbili. Lukmani hakushuka na wenzake malishoni. Wengine walisikia kuna dhahabu mpya upande wa Geita, na wiki iliyopita akaenda nao, watu saba kwenye pikapu. Asubuhi ya kuondoka alimshika Dullah kichwa, akaniambia, "Ulimi wako, Mama Shamimu." Hilo tu. Nilimfuata mpaka kwenye gari na maneno ya hospitali, nikamwambia asichome, asishike, akirudi kwenye cherehani nitamtungia uzi mimi. Akaitikia kwa kichwa. Kikaango amekichukua.

Bwana afya amerudi na chupa zake. Anasema zebaki imekaa kwenye tope la chini na huenda ikachukua miaka, tusinywe wala tusinyweshe. Wazee wamezungushia miiba. Kwa kuwa nyumba yangu ndiyo ya karibu, Mzee Nyangwine amesema mimi ndiye niwaambie watu wasichote. Basi ndiyo kazi yangu. Anatoka mtu mbali na ndoo yake, ana kiu, anaona maji yanang'aa, namwambia hapana. Wengine wananitukana. Wenye kutawadha nimewaambia wachote mtoni kama mimi, saa moja na nusu kwenda na kurudi. Umeniuliza nakunywa nini. Nakunywa hayo ya mtoni. Wegesa ameanza tena kunitwika.

Barua yako nilimpelekea Mzee Nyangwine, Simioni akamsomea. Alipofika pale pa mto na kuku, mzee alicheka kidogo, akasema, "Huyu sasa nikimwona nitamfahamu."

Usiku watoto wakilala hakuna sauti hapa. Nilidhani nimezoea.

Sikukasirikii, kaka. Nilikasirika, ikaisha, nina kazi nyingi. Ila barua sitaki tena. Nimemwambia dereva wa lori asipokee bahasha kutoka kwako hata umpe na sukari. Apokee mtu.

Kudra